Rukhsa ya Mtihani si Upendeleo

Wasomaji wangu wa pwani wataniwia radhi leo nikiwatoa ufukweni na kuwapeleka bara, kwenye vumbi la Emali. Wengi wetu tunaijua Emali kwa kuiona dirishani tu. Ni mji wa njia panda katika nchi ya Wakamba, kaunti ya Makueni, pale barabara ya Loitokitok inapoachana na ile kuu ya Mombasa na Nairobi. Malori hulala pale, ng'ombe na mbuzi huuzwa pale, na treni ya reli mpya iliyoanza kazi 2017 ina kituo pale. Ukisonga mbele kidogo kuelekea Nairobi unafika Sultan Hamud, mji uliobeba jina la Sultani wa Unguja, Hamoud bin Mohammed, tangu zama za kujengwa reli ya kwanza. Kwa hivyo tusijione wageni sana huko. Majina yetu yalitutangulia.

Nilikwenda kwa jambo la nyumbani. Binti wa dada yangu ameolewa huko, na mumewe ana hoteli ya madereva kando ya barabara. Wana kijana mmoja wa kiume, mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Mama yake alinipigia simu akaniambia, "Mjomba, njoo uzungumze na baba yake. Mimi maneno yameniisha."

Nilifika adhuhuri. Baada ya shikamoo na marahaba, na maji ya kuondoa vumbi, tulitandika mkeka tukasali. Mwenyeji wangu alinitanguliza kwa ajili ya umri. Nikasali rakaa mbili, kwa kuwa mimi ni msafiri, nikatoa salamu; yeye na mwanawe wakainuka wakakamilisha nne zao, kwa kuwa wao ni wenyeji. Hakuna aliyenitazama kwa jicho baya. Hakuna aliyesema mzee huyu ameiba rakaa mbili, wala kwamba sala yangu ni nusu ya sala yao. Jambo lile dogo, ambalo Waislamu tunalifanya kila tusafiripo bila ya kulifikiri, ndilo lililonipa maneno ya kumwambia baba yule baadaye. Na ndilo ninalotaka kukuambia wewe leo, ndugu msomaji.

Kijana huyu si kipofu. Pengine lau angekuwa kipofu mambo yake yangekuwa mepesi zaidi, kwa sababu kipofu kila mtu humwona. Yeye alizaliwa na macho yanayocheza, hayatulii mahali pamoja, na miwani humsaidia kidogo tu. Daktari aliwaambia wazazi kwamba ana uoni hafifu. Anatembea peke yake, anacheza mpira, jioni anawahudumia wateja hotelini na chenji hakosei. Lakini kitabu hukileta karibu na pua, na ya ubaoni hayaoni hata akikaa dawati la mbele. Watoto wa namna hii ndio wanaopotea: si wazima wa macho hata waachwe kama wengine, wala si vipofu hata mtu akumbuke kuwasaidia.

Mwaka 2023 alifanya mtihani wa darasa la nane, ule wa mwisho kabla ya mtihani huo kuondolewa. Kwa sisi tuliosoma zamani, jibu uliliandika. Katika mtihani ule wa miaka ya karibuni, ukiacha insha, mtoto alipewa karatasi ya maswali mkono mmoja na karatasi ya majibu mkono wa pili, na katika ile ya majibu kulikuwa na safu za visanduku vidogo vyenye herufi A, B, C na D. Kazi yake ilikuwa kupiga mstari kwa penseli katika kisanduku cha jibu lake, kisha mashine ndiyo isahihishe. Mashine haiulizi mtoto alikusudia nini. Inasoma mstari ulipo.

Kijana alinieleza mwenyewe, tumekaa nyuma ya hoteli, malori yakinguruma. "Babu, kwenye hesabu niliruka safu moja. Jibu la swali moja nikalitia kwenye kisanduku cha swali linalofuata, na yote yaliyokuja nyuma yakashuka ngazi moja. Nilipojua, muda ulikuwa karibu kwisha. Nikaanza kufuta, karatasi ikachafuka. Basi nikaacha."

Nikaacha. Neno hilo lilinikaa kifuani. Mtoto alijua majibu, na mtihani ukaandika kuwa hajui. Hapo mtihani ulipima nini? Ulipima macho, na macho yale yalikuwa yamekwisha pimwa na daktari miaka mingi nyuma!

Sasa nawaambieni kilichonisikitisha zaidi. Msaada wa kijana huyu ulikuwapo. Baraza la Kitaifa la Mitihani la Kenya, lililoundwa 1980, lina utaratibu wa watahiniwa kama yeye. Wasioona hutayarishiwa karatasi za nukta nundu, yale maandishi ya vitone sita aliyoyabuni Mfaransa Louis Braille alipokuwa bado kijana. Wenye uoni hafifu hupewa karatasi za maandishi makubwa. Muda huongezwa, aghalabu nusu saa kwa karatasi. Viziwi hutahiniwa Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili. Na utaratibu huu si hisani ya mtu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata elimu na kutumia nukta nundu, lugha ya ishara au njia nyingine inayomfaa. Kenya iliridhia mnamo 2008 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa 2006. Sheria yetu ya 2003 kuhusu watu wenye ulemavu nayo imeandikwa upya 2025.

Lakini msaada huo hauji wenyewe. Shule ndiyo inayotakiwa kutaja hali ya mtahiniwa anapoandikishwa, miezi mingi kabla ya siku ya mtihani, pamoja na ripoti ya wataalamu waliompima. Karatasi ya maandishi makubwa haipigwi chapa asubuhi ya mtihani. Siku ikifika na jina la mtoto halina alama yoyote mbele yake, msimamizi ana bahasha moja tu mkononi, na hata akiwa na huruma kama mama mzazi, hana la kufanya.

Katika shule ile ya msingi aliyosoma kijana wetu, ambayo sitaitaja jina, kila mwalimu alijua kuwa haoni vizuri. Walimweka mbele. Walimsomea ya ubaoni. Walimpenda. Ila hakuna aliyeandika lolote katika usajili. Upendo wote ule ulikosa mstari mmoja wa wino.

Na nyumbani je? Hapa ndipo mama wa kijana alipoishiwa maneno. Baba mtu alikuwa na kauli moja: "Mwanangu si mlemavu." Akiletewa habari za kumpeleka mtoto kupimwa, husema hivyo. Akiambiwa kuna fomu, husema hivyo. Msimhukumu haraka, ndugu zangu. Sisi wa pwani tunalijua jambo hili. Ni nyumba ngapi za mitaa yetu zina mtoto wa chumba cha ndani, asiyetolewa wageni wakija? Twasema tunamstahi. Ukweli ni kwamba tunajistahi sisi. Baba huyu walau mwanawe hamfichi; anamweka mbele ya wateja na anamwonea fahari. Alichokuwa akikificha ni neno. Alidhani neno hilo likiandikwa kwenye karatasi ya serikali litamganda mtoto maisha.

Kijana naye alikuwa na lake. Sasa anasoma katika kundi la mwisho la mfumo wa zamani, ambalo linatarajiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne 2027. Wadogo zake wote wamo katika mfumo mpya, wenye tathmini ya gredi ya sita iliyoanza 2022 na ile ya gredi ya tisa iliyoanza 2025. Kundi lake likipita, mlango unafungwa nyuma yao. Nilimwuliza kama angependa karatasi ya maandishi makubwa. Akainama. "Babu, sitaki karatasi ya peke yangu. Watasema nimepita kwa kuonewa huruma."

Usiku ule, hoteli ilipofungwa, nilikaa na baba yake. Nikamwuliza, "Leo adhuhuri, sala yangu ilikuwa pungufu?"

Akacheka. "Haikuwa pungufu, mjomba. Wewe msafiri."

"Na lau nisingekuwa na nguvu za kusimama, nikasali nimekaa?"

"Sala yako ni sahihi."

"Na lau mji wote huu wa Emali ungekauka maji, nikatayamamu kwa vumbi lako hili?"

Hapo akajua ninakokwenda, akanyamaza.

Ndugu wasomaji, hakuna watu duniani wanaopaswa kuifahamu rukhsa kama sisi. Tumelelewa ndani yake. Imran bin Husayn alikuwa na maradhi, akamwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, namna ya kusali. Akaelekezwa asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Hakuambiwa kuwa sala ya ubavuni ni ya daraja la tatu. Itban bin Malik, aliyepigana Badri, macho yake yalikuwa dhaifu, naye ndiye aliyekuwa akiwasalisha watu wake. Mvua ikinyesha bonde hujaa maji baina yake na msikiti wao. Alikwenda kwa Mtume akaeleza hali yake waziwazi, akamwomba aje asali nyumbani kwake, ili mahali pale pawe pa kusalia. Mtume hakumwambia ajikaze. Alikwenda hadi nyumbani kwake, akauliza, wapi ungependa nisali? Tazameni mambo mawili hapo. Mwenye udhuru aliomba bila ya kuona haya, na mwenye mamlaka akaja hadi mlangoni pake. Na wote tunaijua Suratu Abasa, iliyoteremka kwa sababu ya kipofu mmoja, Abdullahi bin Ummi Maktum, aliyekuja kutafuta elimu wakati wakubwa wa Makka wakizungumzishwa. Kama Mtume mwenyewe alikumbushwa kwa ajili ya mwanafunzi asiyeona, sisi ni nani tusikumbushwe?

Rukhsa ina mpaka wake, na mpaka huo ndio unaoitofautisha na upendeleo. Msafiri hupunguza rakaa za adhuhuri, lakini haambiwi asisali. Anayetayamamu bado anatakiwa awe na tohara. Kadhalika mtahiniwa wa maandishi makubwa huulizwa yale yale. Hesabu ni ile ile, ramani ni ile ile ila imekuzwa. Kama hajui, hajui, na nusu saa ya ziada haitamjulisha. Asiyesoma akipewa siku nzima atatoka na karatasi nyeupe. Aliyesoma, ambaye jicho lake linatambaa juu ya mstari kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe, ile nusu saa humfikisha ng'ambo ambako wenzake wamekwisha fika kwa daraja.

Nikubali pia kwamba si kila kipimo kinapokea rukhsa. Kama kinachopimwa ni jicho lenyewe, kama vile kumpima nahodha au rubani, hapo jicho ndilo swali. Lakini historia haisomwi kwa ukali wa jicho, wala kemia haimo ndani ya mboni. Anayepima jambo moja akadai amepima jingine ni kama muuza mchele anayeacha kidole juu ya mizani. Nasi tumefundishwa adhabu ya wanaopunja vipimo.

Wako watakaosema: mkifungua mlango huu, waongo wataingia. Kweli, wataingia. Mwezi wa Machi 2019 waendesha mashtaka wa Marekani walifichua kashfa kubwa ya matajiri walionunua nafasi za vyuo vikuu kwa ajili ya watoto wao. Moja ya hila zao ilikuwa kutafuta vyeti vya kitaalamu vya kudai mtoto ana upungufu wa kujifunza, ili apewe muda wa ziada na kufanyia mtihani mahali ambapo msimamizi amekwisha hongwa. Wengi walitiwa gerezani. Lakini je, yuko aliyesema kwa sababu hiyo wanafunzi vipofu wa Marekani wanyimwe nukta nundu? Msafiri wa uongo akipunguza sala, dhambi ni yake; hatuwafutii rukhsa wasafiri wa kweli. Dawa ya udanganyifu ni kupima vizuri. Ndiyo maana vikawekwa vituo vya elimu vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa nchini 1984 kwa msaada wa Denmark. Na hapa kwetu tatizo ninaloliona kwa macho yangu si wengi kudanganya. Ni wengi kunyamaza.

Mimi ni mshairi wa Kiswahili, na rafiki mmoja aliwahi kunichokoza: "Wewe unayekipigania Kiswahili, waonaje watoto viziwi kuruhusiwa kufanya Lugha ya Ishara badala yake?" Naona ni sawa. Nimetumia umri wangu kuhesabu mizani na kutafuta vina, na vina ni chakula cha sikio. Nimpe asiyesikia shairi langu nimwulize kina cha kati kimekaaje? Yeye ana lugha yake, yenye ufasaha wake na utani wake, na mikono yake hutunga. Kiswahili hakipungui kwa mtoto huyo kupimwa kwa lugha anayoimiliki. Kingepungua kama tungekigeuza fimbo ya kumpigia.

Haya si mageni kwetu hata kidogo. Katika chuo nilichosoma Mombasa alikuwako mwenzetu asiyeona kabisa. Sisi tulikuwa na mbao na wino. Yeye alikuwa na masikio. Mwalimu alimkalisha karibu na goti lake, akamsomea aya, naye akairudia hadi ikakaa. Siku ya kusikilizwa, sisi wenye macho tulisoma tukichungulia, yeye akasoma kutoka kifuani. Alitutangulia wengi kuhitimu. Hakuna mzazi aliyekwenda kulalamika kuwa yeye hakushika ubao. Mwalimu wetu hakuwa amesoma mikataba ya Umoja wa Mataifa. Alijua tu kwamba anachokitafuta ni Kurani imo au haimo, na njia ya kuingilia haikumshughulisha.

Kutoka chuo kama hicho, huko Misri, alitoka Taha Hussein, aliyezaliwa 1889 na kupofuka utotoni. Alihifadhi Kurani, akaenda Al-Azhar, na mnamo 1914 akapata udaktari wa Chuo Kikuu cha Misri kwa kumwandikia mshairi mwingine asiyeona, Al-Maarri. Mwaka 1950 akawa Waziri wa Elimu, akapigania elimu ya bure ili mtoto wa maskini aipate kama apatavyo maji na hewa. Mtu huyo, katika masimulizi ya maisha yake, anaeleza jinsi mtahini alivyomwita kwa upofu wake badala ya jina lake, na namna neno lile lilivyomchoma. Alikuwa waziri, alikuwa bingwa wa lugha, na kidonda cha chumba cha mtihani alikuwa nacho bado. Basi tusimcheke kijana wa Emali anaposema hataki karatasi ya peke yake. Rukhsa inayotolewa kwa kejeli huumiza kama kunyimwa. Msimamizi anayetangaza mbele ya darasa, "Wewe kipofu, yako hii hapa," ametoa karatasi na kumpokonya mtoto moyo wa kuijibu.

Nini basi tufanye? Kwa wazazi: msingoje mwaka wa mtihani. Mpelekeni mtoto akapimwe mapema, ombeni ripoti kwa maandishi, itieni nakala mbili, moja ya shule na moja ya sandukuni. Usajili unapofanywa, nendeni shuleni mkaombe kuona kwa macho yenu kwamba hali ya mtoto imeandikwa. Msitosheke kwa kuambiwa "tutashughulikia." Siku ya kufunga usajili ikipita, radhi za mwalimu mkuu hazisomeki kwenye mashine.

Kwa walimu: shule za watoto maalumu zinaijua njia hii. Thika, ambako shule ya wasioona ilianza 1946, na kwetu Likoni kwa wasioona, Ziwani kwa viziwi na Port Reitz kwa wenye ulemavu wa viungo, hawahitaji kufundishwa na mimi. Anayesahauliwa ni mtoto aliye peke yake katika shule ya kawaida, mmoja kati ya mia nne, katika mji wa njiani kama Emali, au kisiwani Pate, au Garsen. Huyo ndiye wa kuulizwa. Na msimpe maandishi makubwa siku ya mtihani mkuu tu. Ampate mwalimu wa kumzoeza tangu mitihani ya muhula, ili ajue namna ya kuutumia muda wake. Farasi hafundishwi mbio siku ya mashindano.

Kwa Baraza: fanyeni kama ilivyofanywa kwa Itban, nendeni hadi mlangoni. Msingoje tu fomu zije. Kila usajili unapofunguliwa, mwalimu mkuu aulizwe swali wazi: nani hapa haoni vizuri, hasikii vizuri, hashiki kalamu vizuri? Naye ajibu kwa jina lake na sahihi yake, hata kama jibu ni hakuna.

Na kwa maimamu na walimu wa vyuo vyetu: hotuba moja ya Ijumaa kwa mwaka haitauharibu msikiti. Mnatufundisha rukhsa za udhu na saumu. Tuambieni pia kwamba mzazi anayemtafutia mwanawe haki hii hamfedhehi.

Yule baba wa Emali alikaa kimya muda mrefu usiku ule. Mwishowe akauliza jambo moja tu: "Mjomba, hilo neno wataliandika wapi? Kwenye cheti?" Nikamjibu kwamba linaandikwa kwenye usajili, ili karatasi inayomfaa iletwe, cheti huonyesha alichokijua. Asubuhi alifunga hoteli mapema, na sijasikia tangu aifungue kuwa aliwahi kuifunga kwa jambo jingine lolote isipokuwa msiba. Akamchukua mwanawe wakaenda kuulizia kituo cha kupimia.

Kijana amekubali maandishi makubwa. Kuhusu nusu saa bado anasema, "Nitaona, babu." Mwenzake mmoja darasani, Mkamba, alimwambia akipewa muda zaidi asije akamsubirisha kwenda kucheza mpira. Hilo, nadhani, lilimsaidia kuliko maneno yangu yote. Nami kwa kuwa sikuwa na zawadi nyingine, nilimwachia beti hii, niliyoiandika kwa herufi kubwa kama vidole vyangu:

Mpimaji akipima, sharuti apime haki,
Kwa jicho lenye kuzima, herufi hazishikiki,
Rukhusa siyo huruma, ni haki haizuiki,
Tuyaandike mapema, siku hazirudishiki.

Aliisoma bila ya kuileta puani. Nendeni mkatazame watoto wenu wanavyosoma, ndugu wasomaji, na mkiona kitabu kimekaribia mno uso, msingoje hadi 2027.